Maji ya Injini Yanakwenda Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka wa shule yetu, Kondoa. Yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, isipokuwa vicheko.)



Wenzangu walionitangulia wamesema habari za sheria na za uganga wa binadamu. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, na nusu saa niliyopewa nitaitumia kwa jambo moja tu. Sitasema juu ya faida za elimu ya ufundi, maana hotuba za namna hiyo mmekwisha kuzisikia hata mnaweza kuziendeleza wenyewe mzungumzaji akisahau. Nitasema juu ya injini iliyoshushwa, ikafumuliwa, ikaundwa upya, kisha ikaanza kupoteza maji pasipo tone hata moja kuonekana chini ya gari.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu hapo ndipo wenye magari wengi hupoteza fedha na vijana wengi hupoteza jina. Oili ikivuja kila mtu huiona. Lakini maji yakipotea kimya kimya, mwenye gari humtazama fundi, fundi humtazama aliyechonga silinda hedi, mchongaji humtazama muuza vipuri, na muuza vipuri huapa kwamba gasketi ilitoka dukani ikiwa nzima. Mwisho hulipa yule asiye na sauti, naye kwa kawaida ni kijana aliyeshika spana.

Kwanza niwakumbusheni fizikia kidogo, na walimu watanisahihisha. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa digrii moja. Mji wetu wa Kondoa uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya chai hapa huchemka kwenye digrii 95 hivi. Injini ya dizeli yenye afya hufanya kazi kwenye digrii 80 hadi 90 na kitu. Mnaona jinsi nafasi ilivyo ndogo. Ndiyo maana rejeta ina kifuniko chenye springi. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani kama pauni 13, huyabana maji hata yasichemke mpaka yapite digrii 115, ingawa tuko huku juu. Kifuniko kikilegea, mlima wa Bereko utakwambia. Na ukikifungua injini ikiwa moto, maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Wako watu mjini humu wenye makovu ya jambo hilo, nami sipendi muongezeke.

Sasa basi, maji hayana miujiza. Yakitoka katika injini yamepita moja ya njia tatu: nje, ndani ya oili, au ndani ya chumba cha moto na kutokea bomba la moshi. Njia ya nne haipo. Kazi yote ya fundi ni kujua ni ipi katika hizo tatu, na kuijua kabla hajafungua boliti hata moja ya hedi. Silinda hedi ikishafunguliwa, nusu ya ushahidi umemwagika pamoja na maji.

Nitawaeleza kwa lori moja, maana maneno matupu husinzisha baada ya chakula. Lilikuwa lori la kubeba alizeti, msimu wa mwaka 2022. Injini yake ina silinda sita, nayo ni ya aina ambayo kila pistoni hukimbia ndani ya pipa la chuma lililochomekwa kwenye bloku, na maji huligusa pipa hilo kwa nje. Mafundi huliita laina. Injini ilikuwa imefufuliwa mwezi mmoja kabla na kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa hapa shuleni. Jina lake silitaji, na wale mnaomjua nawaombeni mnyamaze.

Mwenye lori, mzee wa makamo na mtu mwenye heshima zake, alikuja na neno moja: "Fundi, huyu mtoto ameniharibia injini. Nataka anirudishie fedha zangu zote, na injini ifunguliwe leo."

Nikamwambia, "Mzee, injini tutaifungua ikibidi. Lakini nijibu kwanza: maji yanapungua kiasi gani, na yanapungua wakati gani?"

Akamwita dereva. Dereva akasema: kwenda Babati na mzigo, ndoo ndogo nzima. Kurudi mtupu, hakuna kitu. Likilala usiku kucha, hakuna kitu.

Vijana, maneno hayo ya dereva yalikuwa nusu ya matibabu. Zamani barabara yetu ilikuwa ya vumbi na mawe, na rejeta zilikufa kwa kutikiswa tu. Tangu lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, magari hayatikiswi tena hivyo, ila yanapakia zaidi na kupanda Kolo na Bereko kwa mwendo. Maji yanayopotea mlimani na mzigo, na yasipotee wakati wa kurudi mtupu, yanasukumwa na kitu. Mpira uliotoboka huvuja bila kujali umepakia alizeti au umepakia hewa.

Hata hivyo sikurukia jambo hilo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, injini iliyoundwa upya hubaki na hewa katika mashimo yake. Siku mbili tatu za mwanzo hewa hiyo hutoka, maji hushuka, na mtu asiyejua hupiga kelele kwamba kuna uvujaji. Ya pili, wako madereva wanaojaza rejeta mpaka mdomoni. Maji yakipata moto hutanuka, yaliyozidi hutupwa nje kwa kijimpira cha pembeni, na kesho yake dereva hujaza tena mpaka mdomoni. Huyo anaweza kulisha maji barabara ya Kondoa mwaka mzima na injini yake haina ugonjwa wowote.

Tuliitoa hewa kwanza, tukajaza kwa kipimo, kisha tukaanza na njia ya nje. Hapa chombo chake ni pampu ya mkono yenye saa ya kupimia upepo, inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Asiyekuwa nayo huchukua kifuniko cha zamani, akakitoboa, akachomelea kinyonyeo cha tyubu ya baiskeli na kusukuma kwa pampu ya baiskeli, mradi awe na saa ya kupimia na asivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha gari lile. Akikivuka ataipasua rejeta, na sasa atakuwa na magonjwa mawili. Upepo ukishaingia, injini ikiwa baridi, unachukua tochi na kupita polepole: maungio ya mipira, wota pampu, vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku. Wota pampu ina kitundu kidogo chini ya shafti yake. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, ili sili ikichoka kitoe machozi. Nimewakuta watu wamekiziba kwa gundi, kisha wanashangaa maji yameingia kwenye beringi.

Nje palikuwa pakavu. Lakini saa ya upepo ilishuka, kidogo kidogo, kwa muda wa saa nzima. Maji yalikuwa yanakwenda mahali ndani.

Njia ya pili ni oili. Wengi hutazama kijiti cha kupimia, wakiona oili haijawa kama chai ya maziwa husema salama. Haitoshi. Liache gari lilale usiku kucha mahali tambarare, asubuhi usiliwashe, legeza boliti ya chini ya sampu taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwamo yatatangulia kutoka. Kisha dondosha oili kidogo juu ya bati la moto: ikiwa na maji italialia kama kitunguu kwenye mafuta. Ukikuta maji, usiituhumu gasketi peke yake. Chini ya kila laina kuna pete za mpira zinazoyazuia maji yasiingie kwenye sampu, na pete iliyokatwa wakati wa kuchomeka ni kosa la kawaida sana kwa injini mpya. Pia kuna kipoza oili. Hicho ni kijanja: injini ikiunguruma, oili ina nguvu kuliko maji, hivyo oili huingia kwenye maji na utaiona ikielea rejetani. Injini ikizimwa, maji ndiyo huingia kwenye oili.

Oili ya lori letu ilikuwa safi. Ikabaki njia ya tatu.

Watu husema tazama moshi mweupe. Ni kweli, ila huku kwetu wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na mvuke wa maji hupotea hatua mbili tu kutoka kwenye bomba. Tena dizeli isiyoungua asubuhi nayo hutoa moshi mweupe, huo huwasha macho na kunuka dizeli. Kwa hiyo moshi nauchukua kama shahidi wa mbali. Shahidi wa karibu ni mapovu. Injini ikiwa baridi kabisa, toa mkanda wa wota pampu ili maji yatulie, jaza rejeta mpaka juu, acha wazi, washa. Una dakika moja au mbili tu, usizidishe, maana maji hayazunguki. Povu likianza kupanda mapema hivyo, tena bila kukoma, hilo haliwezi kuwa mvuke, kwa kuwa maji bado ni baridi. Ni upepo wa chumba cha moto. Ndani ya silinda ya dizeli nguvu ya mlipuko hupita mara 50 ya hewa tunayovuta. Inapata upenyo mwembamba, inapiga upepo ndani ya maji, upepo unajaza rejeta, na maji yanatupwa nje kwa kijimpira cha pembeni njiani, ambako hakuna anayeyaona. Ndiyo sababu chini ya gari ni pakavu.

Tuliyaona mapovu, madogo madogo, kama ya soda. Mwenye lori aliinama akayatazama muda mrefu bila kusema kitu.

Hapo alitaka tufungue mara moja. Nikamwomba usiku mmoja zaidi. Tulirudisha upepo kwenye maji, tukaacha ukae mpaka asubuhi, tukatoa nozeli zote sita, tukazungusha krenki kwa mkono, polepole. Vijana, fanyeni hivi kabla ya kupiga stata ikiwa mnashuku kuna maji juu ya pistoni. Maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta yamejaa chumba kizima, kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Na msiweke uso juu ya tundu. Silinda namba nne ilitoa unyevu. Tano zilizobaki zilikuwa kavu.

Sasa, na sasa tu, tukafungua. Tulijua tunatafuta nini na tunatafuta wapi. Gasketi kwenye namba nne ilikuwa na mstari mweusi mwembamba kutoka pete ya moto hadi tundu la maji. Silinda hedi tuliiwekea rula ya chuma iliyonyooka, haikuwa imepinda. Basi haikuwa kosa la mchongaji, ingawa tayari alikuwa ametukanwa mjini wiki nzima. Tukapima laina. Midomo ya laina za injini hii inatakiwa isimame juu ya uso wa bloku kidogo, sehemu chache katika mia za milimita, unene wa unywele mmoja hivi, ili iibane pete ya gasketi. Tano zilikuwa zimesimama sawa. Namba nne ilikuwa imezama, karibu sawasawa na bloku. Tulipoitoa tukakuta kidaraja kinachobeba shingo yake ndani ya bloku kimeliwa na kutu upande mmoja.

Kutu hiyo haikuanza mwezi ule. Ni kazi ya miaka ya kujazwa maji ya kisima yenye chumvi, bila dawa.

Hapo ndipo kijana alipoleta daftari lake. Daftari la kawaida la shule, limejaa madoa ya oili. Alikuwa ameandika kimo cha kila laina siku ya kufunga: tisa, tisa, nane, mbili, tisa, nane. Ile mbili alikuwa ameizungushia duara. Nikamwuliza, "Mwanangu, uliliona hili, ukafunga?" Akasema, "Mzee, nilimwambia dereva kwamba bloku inatakiwa iende Dodoma ikachongwe. Akaniambia tajiri hatasubiri, alizeti ziko shambani." Dereva hakukana. Mwenye lori akasema yeye hakuambiwa neno lolote, nami namwamini.

Niliulizwa nani alipe. Nilisema hivi. Mwenye injini agharimie kuchonga kidaraja na gasketi mpya, maana bloku lililiwa mikononi mwake na gharama hiyo angekutana nayo kwa fundi yeyote. Kijana afanye kazi ya kufungua na kufunga bila malipo, kwa sababu habari nzito namna ile humpelekei dereva, unampelekea mwenye mali, tena kwa maandishi ikiwezekana. Fedha za mwanzo zisirudishwe. Mzee alinung'unika kwamba nampendelea mtoto wa shule yangu. Huenda yupo anayeona hivyo hata hapa ukumbini. Lakini bila namba zile sita katika daftari nisingekuwa na la kusema upande wa kijana. Angerudisha fedha zote, na gereji yake ingefungwa kabla ya mvua.

Bloku lilikwenda Dodoma, kidaraja kikasawazishwa, chini ya shingo ya laina ikawekwa pete nyembamba ya chuma kurudisha kimo. Wakati wa kufunga hedi, boliti zilikazwa kwa toki renchi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kama kitabu cha injini kinavyosema. Safari ya kwanza ya Babati na mzigo maji yalipungua kama glasi moja, ile hewa niliyowaambia. Safari ya pili hayakupungua.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Niseme juu ya dawa ya rejeta, maana najua nitaulizwa. Wengi huamini ni ya nchi za baridi tu. Ni kweli kwamba kule wenye pikipiki za kutelezea juu ya theluji wasipoitia maji yataganda na kupasua bloku. Sisi hatuna theluji, lakini dawa hiyo hiyo huzuia kutu, huongeza kiwango cha kuchemka, na zile za injini za dizeli nzito zina kinga ya laina. Laina hutetemeka pistoni inapoigonga, vipovu hupasuka juu ya ngozi yake, na baada ya muda huitoboa vitundu kama vya sindano. Changanya na maji ya mvua au yale ya betri, usichanganye na ya kisima. Ila iwekeni mbali: nyingi zimetengenezwa kwa glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Mbuzi, mbwa au mtoto akinywa hatari yake ni kubwa.

Kuhusu kuvunjia yai bichi au kutia bizari kwenye rejeta: kitundu kidogo cha rejeta huweza kuzibika ukafika nyumbani. Gasketi ya hedi haizibiki kwa yai, kinachozibika ni mirija ya rejeta, na kesho injini itachemka kwa sababu mpya. Na kung'oa thamostati, dawa inayopendwa kuliko zote katika barabara hii, huifanya injini ikimbie baridi asubuhi za Julai na kujila yenyewe, huku tundu la gasketi likibaki pale pale.

Ile laina namba nne nimekuja nayo, ipo mezani karibu na mlango. Pitisheni kidole chini ya shingo yake, upande wenye alama ya chaki, mtaisikia kutu ilipokula. Kuna sabuni kwenye ndoo, naweni kabla ya kwenda kwenye pilau.